Mawe ya Namoratunga, Turkana: nani aliyasimika, na ni kweli yanafuata nyota?

#1 Msaka_Kale
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mwenye hoja kinzani aje nayo. Matusi ayaache kwake.

Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, kando ya barabara kuna nguzo za mawe meusi zimesimikwa ardhini. Ndiyo Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Kimarekani, Lynch na Robbins, walichapisha kwenye jarida la Science kwamba nguzo 19 za pale zimepangwa kufuata nyota fulani: Kilimia, Aldebaran, Bellatrix, ukanda wa Orion, Saiph, Sirius na kundi la Triangulum. Nyota hizohizo ndizo Waborana wanazotumia kwenye kalenda yao hadi leo. Wakasema kazi hiyo ni ya mwaka 300 hivi KK.

Sasa unganisheni. Nabta Playa, jangwani kusini mwa Misri, mawe yamepangwa kufuata jua miaka kama 7,000 iliyopita. Göbekli Tepe huko Uturuki, nguzo zenye zaidi ya miaka 11,000. Piramidi ya Khufu imeelekezwa kaskazini, imekosea chini ya sehemu ya kumi ya digrii moja. Halafu Turkana, nyota tena. Wote hawa walijuaje jambo moja? Msimamo wangu: kulikuwa na ustaarabu mmoja mkubwa, ukazama mwisho wa zama za barafu, mabaki yake wakatawanyika na elimu ya mbingu. Turkana ni moja ya shule zao.

#2 Kapuku_Msomi
Nimekaa pale. Nasubiri wenye shule zao waje.

#3 Bi_Tatu
Hawa watu waliopotea kila siku wanaacha mawe tu. Hawakuwa na vyungu? Hawakutupa mifupa ya nyama? Nioneshe jaa lao la taka nami nitaamini.

#4 Fundi_Visima
Nimefika hapo nikiwa kwenye kazi ya kuchimba visima Turkana. Msitarajie Stonehenge, yale mawe makubwa ya Uingereza. Nguzo nyingi hazifikii urefu wa mtu mzima, baadhi zinaishia kifuani, nyingine gotini. Zimeinama kila moja upande wake. Juu ya vichwa vyake kuna vijiwe vidogo, vingine vimepangwa viwili vitatu. Dereva wetu, kijana wa Kiturkana, alisimamisha gari, akaokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo, akarudi kwenye usukani bila kusema kitu. Nilipomuuliza akaniambia wale walikuwa watu, walikuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Ukipita unaweka kijiwe. Basi.

Joto la pale sitalieleza. Ukigusa jiwe saa saba mchana unatoa mkono haraka.

#5 Msaka_Kale
@Fundi_Visima shukrani mkuu. Unaona? Hata wenyeji wanasema si kazi yao. Waliyakuta.

#6 Kaskazini_Kwetu
Waturkana kuyakuta ni kweli, wameingia upande huo wa ziwa karne chache tu zilizopita. Lakini "waliyakuta" na "yalijengwa na watu wa Atlantis", lile bara la hadithi lililozama, ni safari mbili tofauti, usizipandie basi moja.

Mimi ni Mborana, kwetu Marsabit. Mmetaja kalenda yetu kwa hiyo naomba niiseme vizuri. Mwaka wetu una miezi 12 ya mwandamo, siku 354. Hatuna wiki, tuna majina ya siku 27 yanayozunguka. Wazee wanaotunza hesabu hiyo wanaitwa ayyantu. Ayyantu anatazama mwezi umelala jirani na nyota gani: Busan ndiyo hiyo Kilimia yenu, Bakkalcha ni Aldebaran, Basa ni Sirius. Anajua leo ni siku gani na mwezi gani. Asmarom Legesse aliyaandika haya mwaka 1973 na ndiko akina Lynch walikochota.

Sasa swali: katika yote hayo, nguzo ya mawe ya kazi gani? Kaka wa babu yangu alikuwa anasifika kwa hesabu hizo. Chombo chake kilikuwa kigoda, anakaa nje ya boma usiku, anatazama juu, anabishana na mzee mwenzake. Sijawahi kusikia mtu akitumwa kwenda kutazama nyota kupitia jiwe.

#7 Mwl_Hesabu
Mkuu Msaka_Kale, chukua karatasi. Nguzo 19. Kila nguzo unaweza kuiunganisha na nyingine 18. Gawa kwa mbili usihesabu mara mbili: mistari 171. Kila mstari una pande mbili, unaweza kutazama huku au kule. Unapata mielekeo 342. Duara lina digrii 360.

Yaani hata ukimwaga mawe 19 kutoka kwenye tipa, utapata mstari unaoelekea karibu na nyota yoyote unayoitaka. Swali la maana ni je, mistari inayogonga nyota ni mingi kuliko ile ambayo ingegonga kwa bahati? Hilo ndilo la kuthibitisha, na picha yenye mishale mekundu haithibitishi.

#8 Kapuku_Msomi
Tipa limenimaliza 😂

#9 Dira_na_Kamba
Mwl_Hesabu kasema vizuri, naongeza la vipimo. Robert Soper alirudi kupima upya na kuandika mwaka 1982. Mawe aliyoyaona ni zaidi ya 19, na vipimo vya mwanzo alivihoji. Zile nguzo ni za basalti. Basalti ina sumaku, ukisimamisha dira karibu nayo sindano inayumba. Kazi yangu ni upimaji ardhi, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kutoamini dira kwenye mawe ya volkano. Unaweka kituo, unapiga jua au unatumia GPS.

Ila hilo ni dogo. Kubwa ni tarehe. Ule mwaka 300 KK haukutoka kwenye nguzo za Kalokol. Ulitoka kwenye makaburi ya Lokori, kusini kabisa, ambako nako panaitwa Namoratunga. Wakadhani ni watu walewale. Baadaye timu ya Elisabeth Hildebrand na Katherine Grillo ilichimba maeneo ya nguzo ya upande huo: Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na hapohapo Kalokol. Yakaonekana ni jamaa wa Jarigole, eneo jingine la nguzo ng'ambo ya mashariki ya ziwa, na umri wake ni miaka kama 5,000 hadi 4,000.

Kwa hiyo ile kalenda ilikokotolewa kwa anga la mwaka ambao nguzo zilikuwa zimeshasimama karibu miaka elfu mbili au zaidi.

#10 Msaka_Kale
@Dira_na_Kamba sasa wewe unanipinga au unaniunga mkono? Umeyafanya kuwa ya kale ZAIDI. Asante sana.

#11 Mwl_Hesabu
Ngoja usishangilie. Mhimili wa Dunia unayumba taratibu kama pia ya mtoto iliyochoka, mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 26,000. Nyota zinasogea digrii moja kila miaka 72 hivi. Nimepiga hesabu ya Kilimia. Mwaka 3000 KK kilikuwa karibu kabisa na ikweta ya mbingu, maana yake kwa mtu aliye Turkana kilichomoza mashariki kamili. Mwaka 300 KK kilikuwa kimeshasogea kaskazini kwa digrii kama 14.

Nyoosha mkono mbele yako, tandaza vidole. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo ni digrii kama 20. Hilo ndilo pengo tunalozungumzia, pungufu kidogo. Mstari uliolenga Kilimia cha 300 KK haukulenga Kilimia cha wajenzi. Ukitaka kuokoa nadharia, anza kupima upya kwa anga la wakati wao, na utangaze unatafuta nyota gani kabla hujaanza kupima.

#12 Bi_Tatu
"Tangaza kabla hujapima." Hapo ndipo wengi hukimbia.

#13 Shungi_la_Pwani
Kilimia kimetajwa nami siwezi kunyamaza. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Marehemu babu, Mmakunduchi, alipanda kwa kukitazama, na mwaka alihesabu kwa miongo, kumi kumi, tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, mpaka siku 365. Hakuwa na nguzo hata moja. Hata Mwaka Kogwa unaletwa na hesabu hiyo.

Mnachosahau ni kwamba anga ni moja. Mkulima wa Unguja, mfugaji wa Borana na mvuvi wa Polinesia wote wanaiona Kilimia ikipotea wiki kadhaa na kurudi. Kwani mpaka mtu aje na jahazi kutoka bara lililozama kutufundisha kutazama juu?

#14 Nahodha_Mstaafu
Shungi umenena. Tena kuna mfano wa majengo matakatifu yaliyoelekezwa, upo Pwani nzima na hakuna anayeushangaa: misikiti. Kilwa ipo karibu mstari mmoja wa kaskazini-kusini na Maka, kwa hiyo kibla pale ni kaskazini, hivyohivyo Mombasa na Unguja kwa tofauti ndogo. Sasa tuseme miaka 5,000 ijayo hakuna kitabu wala mtu anayejua Uislamu ni nini. Atakuja mtafiti na mashine zake, atapima mihirabu kuanzia Gedi hadi Kilwa, zote kaskazini. Ataandika: watu hawa waliabudu nyota ya kaskazini.

Na ukiwa Kilwa nyota ya kaskazini huioni kamwe, iko chini ya upeo wa macho!

#15 Msaka_Kale
@Nahodha_Mstaafu nyie ndio mnanisaidia. Mpangilio upo, sababu ipo, ila maandishi yamepotea. Ndicho ninachosema.

#16 Nahodha_Mstaafu
Hapana mkuu. Ninachosema ni kwamba mwelekeo peke yake hauwezi kukutajia sababu.

#17 Mjukuu_wa_Kinjeketile
Mimi nina tatizo na habari nzima ya "ustaarabu uliopotea" ikija Afrika, kwa sababu ina historia yake na ni historia chafu.

Zimbabwe Kuu. Karl Mauch alifika 1871 akasema ni jengo la Malkia wa Sheba. Mwaka 1891 akaenda Theodore Bent, na alikuwa na mpimaji wake, Robert Swan. Huyo Swan alifanya nini? Alipima kuta akadai zimeelekezwa kwenye jua la solistasi (siku ndefu au fupi kuliko zote mwakani) na nyota. Kwa hiyo hekalu, kwa hiyo wageni kutoka Uarabuni ya kale. Unaona mchezo? Nyota zilitumika kumwondoa Mshona kwenye nyumba yake. Randall-MacIver alikwenda 1905 akachimba, akasema ni kazi ya Waafrika wenyewe na ni ya zama za kati. Caton-Thompson akarudia 1929, jibu lilelile. Serikali ya Rhodesia haikutaka kusikia, na mpaka miaka ya 1970 Peter Garlake alilazimika kuondoka nchini kwa ajili ya jambo hilo. Pale pale pamewahi kuokotwa sarafu ya Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Biashara na Pwani, siyo Sheba.

Na Kenya msidhani mlisalimika. Mwaka 1933 Huntingford aliandika juu ya "ustaarabu wa Azania" nyanda za juu za Kenya: mashimo ya Sirikwa, matuta, mifereji, vyote akavifunga furushi moja akawapa watu waliotoweka. Alikuja John Sutton akachimba yale mashimo. Akakuta mazizi ya ng'ombe. Mazizi! Ya wazee wa Wakalenjin walewale waliokuwa wanaishi jirani.

#18 Kapuku_Msomi
Ustaarabu uliopotea ukageuka zizi. Maisha haya.

#19 Chelelgo
@Mjukuu_wa_Kinjeketile mimi Mkalenjin, na nakuambia zizi si jambo la kucheka kama Kapuku anavyofanya. Kulichimba hadi lizame chini ya usawa wa ardhi, ukalizungushia ukuta, nyumba ukaibandika pembeni na mlango wake uko ndani ya zizi, adui hachukui ng'ombe wako usiku. Nyumbani kwa wajomba kuna mashimo hayo kwenye shamba la mahindi, trekta inayakwepa mpaka leo.

#20 Msaka_Kale
Mjukuu, usinipake rangi ya mkoloni. Sijasema Waafrika hawakuweza. Ustaarabu wenyewe ninaousema unaweza kuwa ulikuwa wa Kiafrika! Sahara ya kijani, Nabta Playa, hayo ni ya kwetu. Ilipokauka wakatawanyika, wengine Misri, wengine Turkana.

#21 Mjukuu_wa_Kinjeketile
Sasa hapo umeanza kuzungumza. Tofauti ni kwamba hao hawakupotea, tuna vyungu vyao na mifupa ya ng'ombe wao. Bi_Tatu jaa lake la taka hili hapa.

#22 Daktari_wa_Mifupa
Nimesoma kurasa zote na nashangaa hakuna aliyeuliza chini ya nguzo kuna nini. Ni makaburi, jamani. Lothagam Kaskazini ripoti yake ilitoka 2018. Ni jukwaa la mawe la upana wa mita kama 30, katikati walichimba shimo kubwa, wakazika watu humo kwa karne kadhaa. Makadirio ni watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, wote pamoja. Karibu kila mtu ana pambo lake: shanga za mawe ya rangi, meno ya kiboko, hata mapambo ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna kaburi la mfalme. Hakuna kona ya matajiri. Wakamaliza, wakalijaza, wakafunika kwa mawe, wakasimika nguzo.

Hawa ndio wafugaji wa mwanzo kabisa tunaowajua katika eneo lile. Wakati huohuo mvua zinapungua na ziwa linashuka makumi ya mita, ufuko unakimbia. Kwangu hapo ndipo penye maajabu. Tulizoea kufundishwa kwamba ujenzi mkubwa unahitaji mfalme na watumwa. Hawa hawakuwa na mfalme yeyote anayeonekana.

#23 Bi_Tatu
580 walihesabiwaje? Walifukua wote?

#24 Daktari_wa_Mifupa
La. Walichimba sehemu ndogo, wakaangalia msongamano wa mifupa, wakakadiria shimo zima. Ndiyo maana wanasema wasiopungua.

#25 Kaskazini_Kwetu
Kama ni wafugaji na ziwa linakauka, kwangu nguzo ni alama. Unahama na mifugo mwaka mzima, wafu hawahami. Unahitaji mahali pa kurudi.

#26 Dira_na_Kamba
Au ni mipaka ya malisho na maji. Watu wageni wanaingia, wavuvi wa zamani wapo, ziwa linapungua. Unamzika babu yako pale na kusimika nguzo, umeshasema hapa ni petu.

#27 Daktari_wa_Mifupa
Mipaka ningeikubali kama kungekuwa na dalili za vita. Makaburi yale yanachanganya watu badala ya kuwatenga. Mimi nipo na Kaskazini_Kwetu, japo hata yeye kakisia.

#28 Shungi_la_Pwani
Na bado yawezekana waliyatazama pia na nyota. Mtu akizika hachagui upande bure bure. Sisi wenyewe maiti tunamwelekeza kibla.

#29 Msaka_Kale
ASANTE Shungi.

#30 Mwl_Hesabu
Inawezekana. Lete vipimo vya anga la 3000 KK nami nakupigia hesabu ya bahati bure.

#31 Mpita_Njia_77
Wazee na kule Afrika Kusini, mduara wa mawe wa "Kalenda ya Adamu", wanasema una miaka 75,000 na waliujenga Anunnaki, miungu ya Mesopotamia ya kale, kuchimba dhahabu?

#32 Mjukuu_wa_Kinjeketile
Mpumalanga, hukohuko Afrika Kusini, imejaa kuta za mawe za Wabokoni, wakulima na wafugaji wa karne ya 16 hadi ya 19. Matuta, njia za ng'ombe, mazizi. Tena mazizi. Ukiona Anunnaki kwenye mada ujue kuna mwenye zizi anadhulumiwa.

#33 Msimamizi
Turudini Turkana tafadhali. Anunnaki wana uzi wao.

#34 Msaka_Kale
Piramidi ya Khufu kule Giza, Misri, hamjanijibu, mnaikwepa.

#35 Nahodha_Mstaafu
Giza ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, ufuko wa Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo za enzi ya Khufu mwenyewe. Kuna kumbukumbu za kila siku za mkuu wa kikosi anayeitwa Merer: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Mabaharia wenzangu. Nimewahi kuandika daftari la chombo kwa mtindo uleule, nalo linachosha vivyo hivyo. Kaskazini waliipata kwa kutazama nyota au jua, hilo hata nahodha wa ngalawa analiweza akipewa kamba na usiku mmoja wa utulivu.

#36 Msaka_Kale
Merer alibeba mawe ya kuvishia nje tu, hakusema nani alichora ramani. Na Göbekli Tepe hakuna Merer.

#37 Daktari_wa_Mifupa
Göbekli Tepe kuna mifupa ya swala kwa maelfu na mawe ya kusagia nafaka. Waliokula walikuwa wawindaji. Bi_Tatu anafurahi tena.

#38 Bi_Tatu
Sana.

#39 Kapuku_Msomi
Fundi_Visima, mtu akitaka kwenda kuyaona anafanyaje?

#40 Fundi_Visima
Fika Lodwar kwanza. Magari ya Kalokol yapo, mwambie dereva akushushe kwenye mawe, kila mtu anapajua. Nenda alfajiri au jioni, beba maji mengi kuliko unavyodhani. Usihamishe wala usichukue jiwe, hapo ni makaburi na ni mali ya taifa. Kijiwe cha kuweka juu okota barabarani.

#41 Dira_na_Kamba
Na dira acha nyumbani.

#42 Msaka_Kale
Sawa wakuu, mmeniongezea vitu, msimamo wangu bado uko palepale. Wiki ijayo naleta Engaruka.

#43 Mjukuu_wa_Kinjeketile
Engaruka ni mashamba ya umwagiliaji, mkuu. Mifereji na matuta chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, watu walilima mpaka karne ya 18. Usije ukaniambia na mifereji inafuata Orion.

#44 Msaka_Kale
Umeshaipima?